Sifuri ya Mpimbwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Bati la chumba hiki cha Makanyagio, hapa Mpanda, linapiga kelele mpaka mtu hajisikii akifikiri. Heri yake. Mimi mwenyewe nimechoka kujisikia.

Leo programu imekubali! Wiki nzima ilikuwa inanigombeza kwa maandishi mekundu — mara koma imekosekana, mara mabano hayajafungwa — na mimi naigombeza kwa Kirundi, maana Kirundi haikijui. Kumbe kosa lenyewe ni nukta moja. Nukta! Nikapiga makofi peke yangu, mama mwenye nyumba akauliza dirishani kama nimepata mgeni.

Kazi yenyewe niiandike hapa, siku nikizeeka nikumbuke nilikula kwa jasho gani. Tafiti kumi na moja, za watu mbalimbali, kila moja iliuliza jambo lilelile: mhudumu wa afya akimtembelea mzazi nyumbani wiki ya kwanza, vifo vya vichanga vinapungua? Mmoja anasema ndiyo, mwingine kidogo tu, mwingine hapana. Programu inazichukua zote, inaipa kila moja uzito wake, inatoa jibu moja. Kwenye picha kila utafiti ni kisanduku chenye mstari. Chini kabisa kuna almasi. Hiyo almasi ndiyo jibu, na Dokta Kasimu, mwenye mradi, yuko Dar anaisubiri mwisho wa mwezi huu.

Kati ya hizo tafiti, moja ni ya huku kwetu. Ya Mpimbwe: Mamba, Usevya na vijiji vya jirani. Ndogo. Nimefurahi kuiona hata hivyo. Usevya ndiko aliko Lidia, mdogo wangu, na mumewe na majaruba yao ya mpunga.

Jumanne, 4 Februari

Chini ya majibu kuna mstari wa maandishi madogo ambao jana sikuusoma. Unasema, kwa kifupi: palipokuwa na sifuri nimeongeza nusu.

Nikatafuta hiyo sifuri iko wapi. Iko Mpimbwe. Wazazi waliotembelewa, vichanga waliokufa: sifuri. Mwaka mzima! Programu hesabu ya sifuri inaishinda, inakwama kama punda kwenye tope. Kwa hiyo, bila kumuuliza mtu, inaongeza nusu kifo, halafu inaendelea na safari yake.

Utafiti ulifanyika mwaka 2021.

Lidia alijifungua Usevya mwaka 2021.

Sikula mchana. Usiku pia sitakula.

Jumatano, 5 Februari

Niandike basi, maana hakuna wa kumwambia.

Mwaka ule nilikuwa Dar nasoma shahada ya pili. Jean Bosco, mume wa Lidia, akanipigia. Shemeji, mgeni alikuja lakini hakukaa. Basi, hayo tu. Nikauliza Lidia vipi, akasema yupo, anakunywa uji. Sikuuliza zaidi. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa takwimu, na nikafaulu vizuri sana.

Krismasi nikaenda Usevya. Nilidhani tutakaa pamoja tulie. Wapi! Nilikuta watu wanapepeta mchele na redio imefunguliwa. Mama akanivuta jikoni, akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto: kile kitoto kilikuwa hakijatolewa nje. Wiki haijaisha, jina hakijapewa, jirani hajakiona. Kwetu ambaye hajatolewa nje ni mgeni bado. Mgeni akirudi alikotoka haliliwi, hahesabiwi. Ukimtaja-taja unamfungia njia anayekuja.

Mama hahesabu hata walio hai. Mwaka wa sensa karani alimuuliza, mama una watoto wangapi? Akamjibu: andika wanatosha. Yule karani alicheka mpaka akaona mama mwenyewe hacheki.

Mimi ni mama mkubwa wa yule mtoto. Mpaka leo sijui kama alikuwa wa kike au wa kiume.

Na sasa Lidia ana mimba tena, anakaribia. Mama ametoka kwake Katumba tangu mwezi uliopita, yuko Usevya anamngojea.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempigia Lidia. Alitoka nje kuongea, nikasikia kuku na upepo. Nikamuuliza kama anakumbuka watu wa utafiti, mwaka ule.

Anakumbuka. Kwanza alikuja mhudumu wa afya wa kijiji, wiki ileile. Mtoto alikuwa ameshazikwa. Mama akamkuta mlangoni, akamwambia mtoto amelala. Mhudumu akasema haya, nisimwamshe, akaacha salamu akaenda zake.

Amelala! Mana yanje, Mungu wangu.

Baadaye akaja dada mmoja na tableti, mpole kweli, anaitikia kila neno. Akauliza: una watoto wangapi? Lidia akasema bado. Kuna aliyefariki? Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua matembele. Lidia akasema hapana, bado hatujapata. Yule dada akabonyeza, akashukuru, akapewa muhogo wa kuchemsha, akaondoka.

Hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto, kwa lugha ya nyumbani kwetu, ni yule aliyetolewa nje. Walimuuliza juu ya watoto, naye akajibu juu ya watoto. Na kama Lidia alijibu hivyo, wangapi wengine Mpimbwe nzima walijibu hivyo, na mama zao wamekaa pembeni wanachambua mboga?

Halafu — mimi na mdomo wangu — nikauliza: na kadi ya kliniki sasa hivi inasemaje? Akaniambia subiri, akafukuza kuku. Nikauliza tena. Akasema imeandikwa mimba ya kwanza.

Nilipiga kelele. Uchungu wa kwanza, kaniambia mwenyewe leo, ulimkalia siku mbili, mtoto akatoka hajalia, rangi imegeuka. Hayo daktari asiyajue? Lidia akasema, dada usinifokee, simu inaisha chaji. Ikaisha kweli, au aliizima.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia hata neno la padri.

Mchana mama akapiga mwenyewe. Lidia amemwambia. Alianza kwa kuniuliza kama nimekula, ndipo nikajua mambo ni mabaya. Nikamweleza kwa adabu yote niliyonayo, si nyingi, kwamba hospitali haitaki kumlilia mtoto, inataka tu kujua uchungu ule ulikwendaje ili wajiandae. Akasema, Oya, hapana. Kuna maneno ukiyafungulia mlango hayaingii peke yake.

Nikamwambia mama, huu ni ujinga. Ndiyo, nilisema. Neno hilihili.

Hakukasirika. Akasema polepole: wewe ulikuwa unasoma, sisi tukazika.

Kisha akakata.

Jumanne, 11 Februari

Nimeongea na Dokta Kasimu. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata wa kumtupia lawama. Alisema pole kwanza. Halafu akasema: Odeta, sisi tunaunganisha walichoandika wenzetu. Hatuwezi kuingiza namba ambayo haimo kwenye makala kwa sababu mmoja wetu anaijua familia. Waandikie wenye utafiti, waulize swali lao lilikuwaje. Na kwenye majadiliano ya makala yetu tutaeleza udhaifu huo.

Sahihi kabisa. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nikakata simu nikaipiga meza ngumi, chai ikamwagika.

Halafu nikafungua faili jingine, la kwangu mwenyewe. Pale penye sifuri ya Mpimbwe nikaandika 1. Nikatazama mlangoni kama naiba. Nikabonyeza, picha ikajichora upya. Kisanduku cha Mpimbwe kikasogea kidogo. Almasi? Iko palepale! Nikasogeza macho karibu na kioo. Iliyobadilika ni tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mkono mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Huyu binadamu mzima alikuja, akavuta pumzi, akashikwa na mama yake, akafukiwa, na kwenye hesabu zote za dunia hii anastahili tarakimu ya tatu baada ya nukta. Tena hata hiyo hakupewa. Alipewa nusu, na nusu yenyewe si yake, ni ya kuisaidia mashine kuvuka.

Nimelifuta lile faili.

Ijumaa, 14 Februari

Lidia hapokei simu. Jean Bosco amepokea, akasema miguu ya Lidia imevimba, viatu havimwingii.

Kesho nakwenda. Almasi itangoja.

Jumamosi, 15 Februari

Basi la asubuhi. Sitalike viboko wamejaa mtoni, abiria wote wanatoa simu kupiga picha, kana kwamba viboko watahama kesho. Ndani ya hifadhi mbung'o wakaingia dirishani wakatuchapa vizuri. Baada ya Kibaoni ni tope tu. Tuliteremka mara mbili watu wazima tukasukuma. Sketi yangu nzuri imekwisha.

Lidia amekaa kwenye mkeka, uso umejaa. Aliponiona alicheka, akasema dada umekuja kunifokea uso kwa uso? Nikakaa chini nikamshika miguu. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki.

Mama akanipokea vizuri. Alinipikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, akanimenyea na parachichi. Hakuna aliyegusa habari ya simu. Sisi ukoo wetu ni hodari wa kupika juu ya jambo.

Jioni mama alipokwenda bombani nikamweleza Lidia. Safari hii sikufoka. Nikamwambia presha, nikamwambia uchungu mrefu, nikamwambia daktari akijua atakuwa tayari mapema. Akasikiliza mpaka mwisho, anasokota pindo la kitenge. Halafu akasema:

— Dada, hukumbeba wewe. Nikimtaja, halafu na huyu asipokaa, nitamlaumu nani? Mdomo wangu?

Nikamkanda miguu. Nina digrii mbili na nilichoweza ni kukanda miguu.

Akasema Mpanda atakuja, ajifungulie huko, sawa. Lakini niape sitasema. Nikisema atakana mbele za watu. Nikaapa. Nilitaka tu apande gari.

Jumapili, 16 Februari

Asubuhi nimetembea na Jean Bosco nyuma ya nyumba. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache, na shamba lake ndilo linalosema: mahindi yamesimama kwa mistari iliyonyooka, hakuna jani la ziada. Lakini karibu na mgomba wa mwisho kuna sehemu ndogo, kama ya kutandika gunia, haina mahindi. Nyasi zimekatwa fupi, kwa mkono. Mistari inafika hapo, inapinda, inazunguka, inaendelea.

Mimi na utani wangu! Nikamwambia, shemeji, hapa jembe lilichoka?

Akasema, hapa silimi.

Yeye akainama akang'oa kijimea kimoja kilichokuwa kinaanza, akakitupa mbali. Nilitaka kumuuliza, wa kike au wa kiume? Ilikuwa rahisi, ni maneno matano tu. Nikauliza kama mvua imetosha. Akasema imetosha.

Ndiye yeye aliyesema mbele ya mama, wakati wa chai: Lidia anakwenda Mpanda na dada yake. Hakutoa sababu. Mama akamwongezea chai, akasema, haya, basi na mimi nakwenda. Jean Bosco atabaki na mpunga, tutampigia.

Jumatano, 19 Februari

Wanawake watatu, chumba kimoja, kitanda kimoja. Mama analala kwenye mkeka na hataki kusikia habari nyingine. Analalamika kila kitu cha Makanyagio: mchicha umenyauka, bodaboda wanapiga honi kama wana wazimu, mama mwenye nyumba hasalimii vizuri. Nimefurahi kumsikia akilalamika.

Leo Lidia amelala mchana, mimi nafanya kazi. Mama akaja nyuma yangu na ungo wa maharage. Akauliza hivi vijumba ni nini. Nikamwambia kila kijumba ni watu, mama. Watu wa Ethiopia hawa, wa Malawi hawa, wa Uganda. Akauliza, na sisi? Nikamwonyesha kijumba cha Mpimbwe, kidogo kuliko vyote. Akasogea, akakitazama kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele.

Sikupanga kusema. Nilisema tu. Nikamwambia, hapo mama waliandika hakuna kichanga aliyekufa. Hata mmoja. Lakini mashine haiwezi kwenda na hakuna. Ikiambiwa hakuna, inaongeza nusu.

Nusu ya nini?

Nusu ya mtoto aliyekufa.

Mama akatikisa ungo. Akasema: kwa hiyo haikuamini.

Nikasema, si kwamba haiamini, mama. Haiwezi tu.

— Mm. Haiwezi.

Akarudi mlangoni na ungo wake. Alichambua maharage yaleyale mpaka jua likazama, na yalikuwa safi tangu mwanzo.

Ijumaa, 21 Februari

Kliniki. Sista ana haraka lakini ana sura njema. Akauliza, mimba ya ngapi? Lidia akasema ya kwanza, haraka, kabla swali halijaisha. Mama akatazama dari. Mimi nimeapa. Nilitazama bango la chanjo ukutani, nililisoma lote.

Presha imepanda. Amepewa dawa, arudi wiki ijayo, na uchungu ukianza tusingoje hata kidogo.

Njiani nilisimama katikati ya barabara nikamwambia Lidia: unataka kuzika tena?

Neno likitoka halirudi. Nililiona linavyompiga. Aliendelea kutembea na ile miguu yake iliyovimba, mkono mmoja kiunoni. Mama akapita karibu yangu bila kunitazama, akamshika Lidia mkono. Mimi nikabaki nyuma na mkoba.

Nilinunua machungwa. Lidia alikula moja, kwa huruma yake.

Jumatatu, 24 Februari

Wenye utafiti wa Mpimbwe wamejibu barua pepe yangu, kwa heshima. Swali lao lilikuwa hilohilo: una watoto wangapi, kuna waliofariki? Wanasema hawakuuliza juu ya mimba, kila moja na ilikoishia. Wanaona ninachosema. Wanasikitika.

Dokta Kasimu anapendekeza tuutoe utafiti wa Mpimbwe kabisa. Amejaribu mwenyewe, anasema ukiutoa matokeo hayabadiliki.

Hayabadiliki! Ukiuacha hayabadiliki, ukiutoa hayabadiliki. Basi kwa nini mimi nimebadilika hivi?

Kazi ni kubonyeza tu. Kuna amri ya kutoa utafiti mmoja na kuhesabu upya, mstari mmoja mfupi. Nimeuandika. Sijabonyeza. Nikiwaacha wale wanawake, wamesimama pale na uongo usiokuwa uongo. Nikiwatoa, wanawake wote wa Mpimbwe waliofungua milango yao na kugawa mihogo wanaondoka kimya, kama mgeni ambaye hakukaa.

Nimezima kompyuta. Lidia anaimba polepole anakunja nguo za mtoto. Mama anamkataza kuzikunja mapema, naye anazikunja.

Alhamisi, 27 Februari

Hospitali. Naandika kwenye benchi la korido, maana nisipoandika nitapiga yowe.

Uchungu ulianza asubuhi tukinywa chai. Bajaji ilikuja haraka, Mungu ambariki dereva wake. Lidia alikuwa ananing'ata bega njia nzima. Mapokezi akaja daktari, dada mdogo kuliko mimi, macho mekundu ya kukesha. Akapima presha, uso ukabadilika. Akachukua kadi. Anauliza huku anaandika: mimba ya kwanza, eti?

Lidia akafungua mdomo, uchungu ukamjia, akafumba macho. Nikaona sasa ndiyo sasa. Nitavunja kiapo, anikane, anichukie mpaka kufa, potelea mbali. Nikavuta pumzi —

Mama akasema: ya pili.

Daktari akainua kichwa. Kadi inasema ya kwanza, bibi.

— Kadi haijui.

Mama alikuwa amesimama wima, mkoba kifuani, anaongea Kiswahili chake kilekile cha taratibu, neno baada ya neno. Wa kwanza alikuwa wa kike. Uchungu ulimkalia sana huyu mama yake, siku mbili. Mtoto akatoka hajalia, mwili wa buluu. Alikaa siku nne. Mimi ndiye niliyemzika.

Siku nne. Mama ambaye hahesabu hata kuku wake!

Lidia akafumbua macho akamtazama. Nilidhani atakana, kama alivyoniapia. Akaanza kulia tu, machozi yanashuka pembeni yanaingia masikioni, akanyoosha mkono na mama akaushika. Daktari hakushangaa, hakugomba. Akasema ahsante bibi, umenisaidia sana, akaita watu wawili, mara kitanda kinasukumwa. Upasuaji, sasa hivi. Nikasaini mahali nilipoonyeshwa. Mlango ukafungwa.

Nimempigia Jean Bosco. Nikamwambia yuko ndani, na kwamba mama amemtaja. Hakuuliza amemtaja nani. Nilimsikia anapumua, nyuma yake ndege wanapiga kelele kwenye mpunga.

Wa kike. Nina mtoto wa kike aliyekaa siku nne, na nimejulishwa leo, mbele ya daktari nisiyemjua jina. Nalia huku naandika, hapa watu wamezoea.

Mama amekaa kando yangu. Hajalia. Ameshika rozari lakini haihesabu, ameishika tu. Nikamwambia, mama, nisamehe lile neno la simuni. Akasema, lipi? Analijua vizuri sana.

Halafu akauliza, bila kunitazama: ile nusu, kwenye mashine yako. Unaweza kuitoa umweke mzima?

Nikasema siwezi, mama. Si yangu. Niliambiwa nisiguse.

Akatikisa kichwa kama aliyetegemea hilo. Simu yangu inatetemeka mfukoni, ni Dokta Kasimu, anaulizia almasi. Nimeiacha itetemeke. Mama akanyoosha kidole kwenye daftari hili, ambalo hajawahi kuuliza ni la nini.

— Basi andika hata hapo.

Nimeandika. Mjukuu wa kwanza wa mama yangu, wa kike, Usevya, siku nne. Nikamsomea. Akaniambia niongeze kwamba alikuwa na nywele nyingi. Nimeongeza: alikuwa na nywele nyingi.

Ndani kimya. Nasikia chuma kinagusa chuma, nasikia mtu anasema shika hapa. Sisikii mtoto. Ni mapema bado, najiambia ni mapema. Midomo ya mama inacheza.

Mlango umefunguliwa. Sista amevaa barakoa, simuoni uso. Anauliza ndugu wa Lidia ni nani hapa, na mama, pamoja na lile goti lake bovu la uzee, ameshasimama kabla yangu —